Joto Lililokausha Usipa

Kituo chetu cha kurusha matangazo kwenda setilaiti kiko kilimani nje ya mji wa Mbinga, penye baridi na ukungu. Masika yale nilikuwa fundi wa majaribio, nikisubiri kuthibitishwa kazini. Mwenzangu wa kila siku alikuwa mama msafishaji, mwenyeji wa Liuli. Kila alipotoka kwao alirudi na usipa, dagaa wa ziwani, walioanikwa nusu tu kwa kukosa jua, akawamalizia kwenye wavu chumba cha mitambo, nyuma ya mashine ya kurushia, pale feni inapotoa joto. Kanuni zilikataza chakula chumbani humo. Mimi nilikuwa nawala hao usipa, kwa hiyo sikuona kitu.

Joto lilitoka kwenye bomba la kukuzia mawimbi. Ndani yake elektroni hukimbia kasi, huyapa mawimbi sehemu ya nguvu zake, kisha hujibamiza mwishoni na nguvu inayobaki ikageuka joto bure. Niligundua volti za kule mwishoni zilipangwa ovyo. Nikazipanga upya ili elektroni zipunguze mwendo kabla ya kufika, kama mtu anayeteremka mbio akakuta kijilima, na nguvu ile irudi mashineni. Matumizi ya umeme yakashuka, matangazo yakabaki vilevile. Nilijiona bingwa.

Siku ya tatu usipa wakaanza kunuka.

Siku hiyohiyo akafika mkaguzi kutoka makao makuu. Alitazama mita, akasema imekufa, hakuna mashine ya aina ile inayokula umeme kidogo hivyo. Akaanza kuandika kwamba nimeharibu mitambo. Niliogopa kweli, maana kazi yangu ilikuwa inaota mbawa, na kipimajoto cha kituo, ambacho kingeonyesha kwamba joto limepungua kweli, kilivunjika zamani. Nilimtazama mama, mama akatazama dari. Ujanja ukaniishia, nikauvuta wavu.

“Mzee, hawa walikuwa wanakauka asubuhi moja. Leo ni siku ya tatu. Nusa mwenyewe.”

Alinusa. Akaweka kiganja mbele ya feni, akapima matangazo, akanusa tena kwa mbali. Kisha akaandika barua mbili: moja ya kunithibitisha, nyingine ya kunipa onyo kali kwa kuweka samaki chumba cha mitambo.

Nilimkimbilia mama na ile ya kwanza. Aliisoma taratibu, akanirudishia.

“Hongera, mwanangu,” alisema, akiukunja wavu wake. “Ila ungengoja masika yaishe.”