Jipu Nililomficha Mkamwana Wangu

Wagonjwa wenzangu mliokaa kwenye benchi hili mkisubiri kupimwa damu, nisikilizeni kidogo. Mimi ni Baba Masanja wa Kishapu. Kabla ya kuugua nilikuwa naswaga ng'ombe kutoka minada ya kwetu hadi kwa wauza nyama wa machimbo ya Geita, siku nyingi kwa miguu, sigara mdomoni. Nilijiona chuma.

Mguu wa kushoto ukaanza vituko. Nikitembea kidogo, nyama ya nyuma ya mguu inabana kama imefungwa kamba. Nikisimama, inaachia. Nikiondoka, inabana tena. Ng'ombe wananiacha, nami najifanya nakojoa. Baadaye mguu ukawa baridi, ukauma hata nikilala. Mganga akasema shina la mguu ni kiuno, akanichanja kwa wembe juu ya kalio na kupaka dawa. Mguu ukabaki vilevile. Pale alipochanja pakavimba.

Mwanangu Masanja akanileta hospitali hii ya misheni. Daktari alipapasa unyayo wangu akitafuta mapigo, akakunja uso.

"Mzee, mshipa unaopeleka damu mguuni umeziba. Una kidonda au jipu popote?"

Nesi aliyeshika faili pembeni yake alikuwa Mama Kulwa, mke wa Masanja. Mkamwana wangu! Kwetu hata mkeka mmoja hatukalii. Nitazungumzaje habari za kalio mbele yake? Nikasema, "Sina."

Wakanitoa damu mkononi, wakaisimamisha saa nzima kwenye mrija mwembamba wa kioo. Daktari akarudi na karatasi.

"Damu nyekundu imezama haraka mno. Maana yake mwilini kuna kitu kinawaka. Kama ni huo mshipa, basi ugonjwa ni mkali kuliko nilivyodhani."

Baada ya siku chache akapima tena. Ikazama haraka zaidi.

"Jiandae kwenda Mwanza," akasema. "Huenda wakaukata mguu."

Siwafichi, nilichanganyikiwa. Mguu ni baridi, yeye anasema kunawaka. Damu wameitoa mkononi, imejuaje habari za mguuni? Na jipu je, lina damu yake au ni hiyohiyo? Mchunga ng'ombe mwenye mguu mmoja anakwenda wapi? Nililia chini ya shuka, mtu mzima mimi.

Mama Kulwa aliona nakaa upande mmoja. Alikuja, akageukia ukutani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Mimi natoka. Anaingia Maganga, mhudumu, mwanaume mwenzako. Nakuomba baba, mwonyeshe panapokuuma ukikaa."

Alipotoka, nikalala kifudifudi. Maganga alifunua, akaguna, akamwita daktari mbio. Jipu likapasuliwa, usaha ukajaa bakuli, nikachomwa sindano siku nyingi. Walipopima tena, damu ilizama polepole, ingawa bado si kama ya mtu mwenye afya. Safari ya Mwanza ikaahirishwa.

Nikamuuliza daktari, "Kwa hiyo kilichokuwa kinawaka ni jipu au mshipa?"

Akakuna kichwa. "Sehemu kubwa ilikuwa jipu. Kilichobaki huenda ni cha mshipa, sina hakika. Kipimo hiki kinasema kunawaka, hakisemi wapi. Nilikuwa nasoma jipu lako nikidhani nasoma mshipa."

Akanipiga marufuku sigara, akanipa aspirini na amri ya ajabu: tembea mpaka mguu uanze kuuma, pumzika, tembea tena. Mguu mbovu unauchosha ili upone! Nilidhani ananitania, lakini nilitii. Mwezi hadi mwezi maumivu yakapungua. Sasa ni mwaka wa tatu. Nikipanda mlima bado unabana, na yale ya damu sijayaelewa yote mpaka leo.

Namshukuru Mungu. Nanyi mkiulizwa kama mna kidonda, semeni, hata kama aliyeshika faili ni mkweo. Ukishindwa, omba atoke kwanza. Aibu yangu nusura initoe mguu.

Mama Kulwa, najua uko nyuma ya hilo pazia unasikia. Sijawahi kukushukuru, nilikuwa naona aibu. Asante, mama. Mguu huu ninaosimamia ni wewe uliyeuokoa, na hukunitazama hata mara moja.