Makaa Yasiyokuwamo Ramanini

Injinia Ešref Kolašević alikuwa na sifa moja aliyoitangaza kila alipopata kiti, kahawa na mtu wa kumsikiliza: tangu aanze kazi hajawahi kuchora mstari wa vipandevipande.

Wachora ramani za miamba wana adabu yao. Mahali ulipouona mwamba kwa macho yako, ukaugonga kwa nyundo, hata ukaulamba kama ulimi wako unapenda, unachora mstari mzima. Mahali ulipokisia tu, kwa sababu mbele kulikuwa na nyasi, au shamba la mtu, au mbwa wa mtu, unachora vipandevipande, ili anayekuja nyuma yako ajue kwamba hapo ulikuwa ukibahatisha. Hakuna aibu ndani yake. Wenzake katika taasisi ya Sarajevo walivichora vipande hivyo kila siku na wakalala usingizi wao vizuri. Ešref aliwaonea huruma. "Hivyo ni vya watu wenye mashaka," alisema huku akipangusa povu la kahawa kwenye masharubu. "Mimi kazi hii nimeisomea."

Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi kule Visoko, na nyumba nzima ilinuka ngozi mbichi mpaka kwenye mkate. Tangu utotoni Ešref aliapa kwamba mikono yake yeye itanuka wino tu. Akasoma kwa bidii, hilo tusimnyime. Alipokabidhiwa kuchora ramani ya bonde letu la makaa ya mawe, msimu wa kwanza aliufanya kiume: alipanda vijito vyote, maana kijito ndicho kinachoikata ardhi na kuonyesha tumbo lake, akalala kwenye mazizi, akachubuka visigino, akachora alichokiona. Na alichokiona si kigumu kueleweka. Hapa zamani palikuwa ziwa. Chini kabisa kuna kokoto zilizoshikana, juu yake udongo wa mfinyanzi, halafu makaa, halafu mwamba wa chokaa. Ila vyote vimelala kama pita, ule mkate wetu wa matabaka, iliyookwa na mke mwenye hasira: huku nene, kule nyembamba, imekaa upande, na katikati imekatika. Kazi ya mchora ramani ni kutafuta ilipokatikia.

Msimu wa pili akafika Podborje, vijumba vichache upande wa mashariki wa kijito cha Mutnica, na mvua ikamkuta hapo. Akapokewa na mzee Hilmo, mwenye baraza pana linalotazama kijito, chupa isiyokauka ya rakija, pombe kali ya plamu, na binti aliyeitwa Zumra. Mvua ikaendelea kunyesha, na Ešref hakuiombea ikome. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na mteremko wenye miti ya plamu, umelowa chapachapa. Kwenda kule kulihitaji mabuti. Barazani zilitosha soksi.

"Injinia, kule ng'ambo umeshafika?" Zumra alimuuliza siku moja akiweka sinia la pita mezani.

"Mimi mlima nikiutazama tu, umeshajieleza."

"Na huu umekwambiaje?"

"Umeniambia hauna kitu."

Akachukua kalamu, na mbele ya macho ya msichana akavuta mstari mzima kufuata Mutnica: ardhi imekatikia hapa. Mashariki, chini ya Podborje, makaa, akapaka kahawia. Magharibi, chini ya miti ya plamu, hamna, akapaka kijani. Zumra akaona amepata mtu wa ajabu, na mwaka uliofuata wakaoana.

Ramani ikachapishwa kwa rangi nyingi, ikatundikwa ofisini kwa mkurugenzi wa mgodi, na Ešref akahamishiwa mgodini awe mtu wa kuifafanua. Kichwa kikavimba. Hilmo, kabla hajafa, aliwapa maharusi kiwanja kwenye ule mteremko wa plamu, na Ešref akajenga hapo nyumba ya ghorofa yenye bafu la vigae vya buluu. Akiwaonyesha wageni alikuwa akiikanyaga sakafu kwa kisigino. "Mgodi hapa hautafika milele," alisema. "Nimehakikisha mwenyewe." Wageni wakamvika kilemba cha ukoka na kuomba kahawa nyingine.

Kilichobaki ni stoo ya chini kwa ajili ya pipa la kabeji ya kuchachusha, maana Zumra alisema nyumba isiyo na mahali pa pipa si nyumba. Jumapili moja Ešref akavua shati, akashika sururu. Hakufika mbali. Udongo ukawa mweusi, kisha ukang'aa, kisha sururu ikaanza kutoa mlio ambao kila mtu wa bonde hili anaujua tangu tumboni mwa mama yake. Akakaa chini.

Zumra akachungulia kutoka juu. "Ešref! Makaa hayo! Alhamdulilahi, mimi na baridi basi tena!"

"Si makaa."

"Ni nini?"

"Udongo mweusi."

Zumra akashuka, akaokota bonge, akapanda nalo jikoni. Baada ya muda kidogo sauti yake ikasikika ikitokea huko juu: "Udongo wako unawaka vizuri sana, Injinia!"

Siku nyingine angecheka. Lakini wiki hiyohiyo mgodi ulikuwa unaamua kama uibomoe Podborje ili uchimbe shimo la wazi. Wachorongaji walikuwa wametoboa tundu moja tu, karibu na kijito, wakakuta makaa. Mengine yote yalitegemea ramani. Na Ešref, amekaa ndani ya shimo la kabeji, akaelewa upesi kuliko alivyotaka. Kama makaa yako huku, basi ardhi haikukatikia kwenye kijito. Imekatikia mahali pengine, pengine nyuma tu ya nyumba ya kwanza ya Podborje, na makaa yote yako upande wake yeye. Katika nyumba hiyo ya kwanza, ile yenye baraza, sasa aliishi Đulsa, dada wa marehemu Hilmo, shangazi aliyemlea Zumra baada ya mama yake kufa.

"Nenda ukawaambie," Zumra alisema.

"Niwaambie nini? Kwamba ramani ya taifa niliichora nikitafuna pita yako?"

"Sema hivyohivyo."

"Na wakija kuchimba huku? Nyumba hii je? Na bafu?"

Zumra akajipangusa vumbi jeusi vidoleni. Alimpenda sana shangazi yake, lakini na bafu nalo alilingojea miaka. "Nenda tu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo kidogo kuliko ile ya kwanza.

Akaenda kikaoni, na njia nzima alikuwa amepiga moyo konde kweli. Stipo, msimamizi wa wachorongaji, aliomba atoboe matundu mawili zaidi nyuma ya nyumba za Podborje, kwa usalama. Mkurugenzi akakunja uso. Alikwisha kuwaahidi wakubwa kwamba tingatinga litaanza kazi kabla ya Sikukuu ya Jamhuri, na bendi ilikuwa imeshaitwa.

"Injinia, ramani si yako? Hapo uliona au ulikisia?"

Kila shingo mezani ikamgeukia. Kusema "nilikisia" hakuui mtu. Sarajevo wenzake walilisema kila siku. Akalitafuta neno hilo mdomoni, na badala yake pua yake ikanusa ngozi mbichi.

"Mstari mzima," akasema.

"Yamekwisha! Stipo, fungasha mashine zako." Wakaagiza kondoo wa kuchoma. Ešref alikula sana siku ile, na akacheka vichekesho vya mkurugenzi kabla havijafika mwisho.

Kabla ya kutia saini ya kuhama, Đulsa alivuka kijito, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye ncha ya kochi jipya kama vile linauma.

"Mwanangu, mimi mambo ya ramani siyajui. We ndo umesoma. Niambie tu, kweli nimelala juu ya makaa miaka yote hii?"

"Kweli kabisa, shangazi."

"Hunitanii?"

"Haki ya Mungu."

"Haya. Kama nchi inayataka, iyachukue." Akanywa kahawa yake, akamsifia Zumra usafi wa nyumba, akaondoka. Zumra alibaki ameshika birika. Angeweza kusema, na hakusema.

Đulsa akamuuza ng'ombe, akapewa nyumba mjini, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Plamu zake zikakatwa. Tingatinga lilisukuma baraza la Hilmo bendi ikipiga, na lile dude kubwa la kuchimbia likaingia kazini. Lilikuta makaa kando ya kijito, kama Stipo alivyokuta. Likasonga mbele kidogo, makaa yakawa unene wa goti, kisha wa kiganja, kisha ukabaki udongo wa mfinyanzi, mwekundu, mzuri kwa vyungu. Wakachimba zaidi. Udongo tu. Mwishowe wakaliacha shimo, likajaa maji ya mvua, vyura wakahamia. Taarifa ya mgodi ilisema palitokea ugumu wa kiasili usiotarajiwa. Hakuna aliyeulizwa kitu, maana kila aliyestahili kuulizwa alikuwa amekula kondoo yule, na Ešref akapewa saa ya ukutani kwa utumishi wake mwema.

Nyumbani aliweka pipa la kabeji juu ya makaa na akapiga marufuku sururu. Kila vuli aliagiza lori la makaa kutoka mgodini, lije mchana, limwage mbele ya geti, watu waone.

"Tumeyalalia, halafu tunayanunua," Zumra alisema. "Siku nikimsimulia mtu, atadhani nimepata homa."

"Ndiyo maana usimsimulie."

Kisha ukaja ule mwaka ambao makaa yaliadimika. Mgodi ulikuwa umelitegemea shimo la Podborje, na Podborje ilitoa vyura. Mjini watu walilala na makoti. Zumra alivumilia mpaka lundo la getini lilipoisha. Siku hiyo akasukuma pipa pembeni, akashika sururu mwenyewe, na mume wake akarudi akakuta jiko limewiva. Hakuuliza. Hata yeye alikuwa na miguu ya baridi.

Đulsa akaanza kuja kwa basi kuota moto kwa Zumra. Alikaa karibu na jiko, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akanyoosha vidole.

"Mji mzima hauna makaa," alisema alasiri moja. "Nyie mnayatoa wapi?"

Zumra alianza kusema kitu kuhusu rafiki wa Ešref mwenye lori. Katikati ya uongo huo akaangua kilio, akamshika shangazi mkono, akamteremsha ngazi.

Ešref aliporudi aliwakuta mezani. Mikono ya Đulsa ilikuwa myeusi juu ya kitambaa cheupe, na hakuna aliyempa maji ya kunawa. Akayaona hayo, akayajua yote.

"Shangazi, ngoja nikueleze..."

"Usinieleze. Ulishanieleza, ukaapa na Mungu." Sauti yake haikupanda. "Nataka jambo moja tu. Hapa kwako kuna makaa, au hakuna?"

Angeweza kupiga magoti. Nadhani magoti yenyewe yalikuwa tayari. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea njia yake. "Kwa mujibu wa ramani," alisema, "hakuna."

"Vizuri sana. Basi nikibeba, sijabeba kitu chako. Zumra, lete gunia."

Wiki iliyofuata wakaja watu wa Podborje wote, kutoka vijumba vya ghorofani walivyopewa mjini, na sururu na toroli. Walikuwa na heshima zao: walivua viatu mlangoni, wakapita ukumbini kwa soksi wameshika mabuti mkononi, wakasalimia, wakashuka. Zumra aliwapikia kahawa, na tangu ahamie nyumba ile hajawahi kuonekana na uso mkunjufu kama huo. Walichimba kuelekea chumba cha kulala, kisha kuelekea bafuni. Nyumba ikaanza kukohoa. Ufa ukapanda ukuta wa jikoni. Mlango wa sebuleni ukakataa kufunga. Vigae vya buluu vikawa vinadondoka kimoja baada ya kingine ndani ya beseni. Ešref alizunguka mikono mgongoni akihesabu nyufa za nyumba yake, na polisi hakwenda. Angeshtaki wizi wa nini?

Polisi alikuja mwenyewe. Aliitwa Mladen, na alikuwa akipita tu na baiskeli yake aliposimama getini, wakati Đulsa anatoka na gunia, ameliegemeza ukutani apumzike.

"Injinia, habari za hapa? Kila siku naona watu wanatoka kwako na magunia. Kuna usalama?"

"Usalama upo."

"Mbona nyumba imeinama?"

"Ardhi inatulia."

"Na mama huyu amebeba nini?"

Neno lilikuwa moja. Makaa yote ya nchi ni mali ya umma. Angelitamka tu, Mladen angefunga stoo siku ileile, sururu zingekoma, na nyumba, pengine, ingesimama. Kisha wangekuja na ramani. Ešref alimtazama Đulsa. Bibi naye alimtazama, bila hasira hata kidogo, kama mtu anayesubiri basi, asiyejali likija au lisipokuja.

"Udongo," Ešref alisema. "Nachimbua stoo ya kabeji."

"Mweusi hivyo?"

"Upo wa namna hiyo."

Mladen akainua mabega, akapanda baiskeli. Nyuma yao kioo cha dirisha la jikoni kikapasuka chenyewe, pa! Hakuna aliyegeuka.

"Haya mwanangu, nitwike," Đulsa alisema. "Mgongo unaniuma, na basi laja."

Injinia akainama, akalinyanyua gunia kwa mikono miwili, akamtwika, akalishikilia mpaka bibi aliposimama sawasawa.