Wanachama Kumi wa Ukoo Wetu

Mjomba wangu alinituma kazi kama vile bado nina miaka tisa, wakati nilikuwa nimeshastaafu ualimu na magoti yananiuma. Siku hiyo alishuka kutoka mlimani mpaka nyumbani kwangu karibu na Msamvu, akaketi, hata chai hakuingoja. "Mwanangu, wewe una mwandiko. Nijazie hii karatasi ya serikali, nikaongee na wazee kabla sijafa."

Wazee aliowasema ni wafu wa ukoo wetu. Kwetu Uluguru ukoo hufuata upande wa mama, na yeye, kaka wa mama yangu, ndiye aliyekuwa na kazi ya kutambika: kwenda msituni na unga na pombe ya mtama, kuwaita waliotangulia mmoja mmoja. Msitu ule sasa ni hifadhi. Askari wa misitu walimrudisha njiani, kwa adabu, nisiwasingizie, wakamtaka alete kibali. Ofisini mjini akaambiwa kibali cha ibada hupewa kikundi kilichosajiliwa, na kikundi kinataka jina, katiba na wanachama kumi.

Kumi tu! Nilicheka. Kwetu mtoto akiugua au mahindi yakikauka, watu huja kwenye tambiko mpaka pa kukaa hapatoshi. Nikapanda na kushuka wiki nzima kutafuta saini. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni katekista. "Dada, unga nitatoa," akasema. "Jina langu usiliandike." Mdogo wangu anafundisha madrasa kule Mzinga. Aliisoma fomu mpaka penye 'aina ya dini' akanirudishia. "Hapa ndipo unataka niweke mkono wangu?" Nikamwambia mguu wa kufuata kuku wa tambiko anao, mkono wa kusaini hana. Akaudhika, nami nikaudhika kumshinda. Mimi mwenyewe nimebatizwa na Jumapili hunikosi kanisani, ila sioni kwa nini nimkane bibi yangu ili nimpendeze Mungu aliyemuumba.

Nikarudi kwa mjomba na saini moja, yangu. Hakushtuka. "Andika," akasema, akaanza kutaja majina. Alianza na bibi wa bibi yake, akateremka vilevile kama anavyofanya msituni, maana mdogo hatajwi kabla ya mkubwa. Kwenye jina la tano nikaweka kalamu chini.

"Mjomba, hawa wote wamekufa."

"Wamekufa, lakini hawajajitoa."

Ningekuwa na akili timamu ningemkatalia. Lakini nilikuwa na hasira na walio hai, basi nikawaandika wafu wanane kwa mwandiko wangu wa ubaoni, kisha yeye wa tisa, mimi wa kumi.

Binti aliyetupokea ofisini alitupa shikamoo, akasoma ukurasa wote taratibu. "Babu, hawa wanane namba zao za vitambulisho ziko wapi?"

"Hawana namba. Lakini wapo, twende nikakuonyeshe wanapokaa."

Hakucheka. Laiti angecheka, ningepata mtu wa kugombana naye. Alinigeukia mimi, akashusha sauti. "Mama, walio hai ni wangapi?"

"Wawili," nikasema. Akaturudishia fomu kwa mikono miwili.

Mjomba aliishi mwaka mmoja zaidi akingoja nipate wengine, na sikupata hata mmoja. Masika yalipokuja akafa. Ndugu walijaa, wakamlilia kweli, wakamzika vizuri. Nilisimama katikati yao nikajiona mpweke kuliko ninavyokuwa chumbani kwangu peke yangu.

Kazi ile kwa desturi humwangukia mwanamume. Hakuna aliyeitaka. Kiangazi nikabeba unga na kibuyu kwenye kikapu, nikapanda mwenyewe. Askari wa getini alimkumbuka mjomba nilipomtaja, akakitazama kibuyu. "Mama, mambo ya ibada siyo mamlaka yangu," akasema. "Ila matembezi, mtu yeyote ruksa." Akanisogezea daftari la wageni. Walionitangulia walikuwa Wazungu wawili na wanafunzi wa Mzumbe. Nikaandika jina, na penye madhumuni ya safari nikaandika: kutazama miti. Ndiyo mara ya kwanza serikali kuniruhusu kwenda kwetu, na nilikwenda kama mtalii.

Mahali penyewe palikuwa pameota magugu. Niliyang'oa, nikamwaga unga, nikatia pombe kidogo, nikaanza kuita. Desturi ni kwamba anayetambika akitaja jina, ndugu walio nyuma yake hupiga makofi, ili aliyeitwa ajue amekumbukwa. Nikataja la kwanza, nikanyamaza kuwasubiri. Nilisubiri kitambo, mpaka nikaona haya. Basi nikatua kibuyu chini, nikapiga makofi mwenyewe, jina kwa jina, mpaka nikamfikia mjomba.