Sanduku Lililonyamaza Shimoni

“Kama haiko ya kutafuta kobalti, juu ya nini hii mashine inalia tu mu nyumba yangu?”

Baba mkubwa aliniuliza hivyo kwake Kapata, mtaa wa Kolwezi, sururu mkononi. Nakuandikia, mwanangu, kwa sababu unaingia chuo na umeshaanza kubishana na kila mtu kama mimi. Nakuita mwanangu kwa kuwa wewe ni mtoto wa dada yangu, umri usiuhesabu.

Nilikuwa nimeleta nyumbani sanduku la kupima miale ya anga, nililoliunda chuoni. Ndani mna vibao viwili vya plastiki. Kutoka mbali kuliko jua, miale hiyo inagonga hewa iliyo juu yetu, na chembe ndogo mno zinatunyeshea usiku na mchana. Zinapita kwenye bati, kwenye vichwa vyetu, zinaingia ardhini. Chembe ikipenya vibao vyote viwili, sanduku linalia: ti! Ndiyo kazi yake yote.

Lakini Kolwezi, nani anasikia mashine ikilia halafu akatazama juu? Watu wamevunja sakafu za vyumba vya kulala wakifuata madini. Baba mkubwa alisikia ti-ti-ti jikoni, akaamua kwamba chini ya jiko kuna mali. Nikapandisha sanduku juu ya bati. Likalia vilevile.

“Unaona? Iko mingi, inafika mpaka juu!”

Nikalipeleka Lubudi shambani kwa shangazi, kusikochimbwa madini, nikaliweka katikati ya mahindi, nikarudi kumwambia kwamba kule pia limelia.

“Kumbe Lubudi nako iko kobalti!” Macho yakamng'aa.

Nilitamani kulia. Nilipaza sauti, nikachora mishale ya chaki ukutani, nikamwita kichwa kigumu, ila kimoyomoyo tu, namshukuru Mungu. Asubuhi iliyofuata alipiga sururu ya kwanza kando ya jiko. Mama mkubwa, aliyepikia pale tangu aolewe, hakumgombeza mumewe. Alinigeukia mimi.

“We mama, masomo yote ile, na unalalamika kama muuzishaji wa makaa! Kusema, umesema. Sasa onesha. Ao unataka nipikie mu shimo?”

Iliniuma, kwa sababu alisema kweli. Nikajiuliza: kobalti ya hakika iko wapi? Kwa jirani, aliyechimba uani kwake akaipata. Nikamwomba baba mkubwa tuteremke huko na sanduku. Alikubali upesi, alidhani litapiga kelele za kuziba masikio.

Tulishuka kwa kamba hadi kwenye handaki lililopita chini ya nyumba za watu, mawe ya kobalti kila upande. Sanduku likalia ti, kisha kimya. Tukangoja. Kimya tena. Udongo wote ule juu yetu ulikuwa umezizuia chembe.

“Tata,” nikamwambia baba mkubwa, “kama linatafuta kobalti, mbona hapa linasinzia?”

Alikuwa ameinua uso, nami nikafikiri kwamba hatimaye ameanza kuwaza habari za anga. Tulipotoka, aliziba tundu la jikoni kwa saruji siku hiyohiyo. Nilitembea Kapata nzima kama mshindi.

Basi, mwanangu, asiyekuamini usimrundikie maneno. Tafuta mahali ambapo kifaa chako chenyewe kinaweza kukuaibisha, uende naye, msikilize pamoja. Ukichoka naye, choka, ila usimdharau. Mungu akutangulie barabarani, akupe walimu wanaostahimili maswali, na akujalie ile subira ambayo mimi niliimaliza yote jikoni Kapata.

Na ujue na hili, maana mama mkubwa aliniambia juzi tu, miaka imeshapita, tukiosha vyombo. Habari ya sanduku baba mkubwa hakuiamini hata kidogo. Mpaka leo anasema betri ilikuwa imekwisha. Kilichomtoa sururu mkononi ni sauti aliyoisikia mle handakini, ikitoka juu ya kichwa chake: mwanamke fulani, jikoni kwake, anatwanga sombe, majani ya muhogo, juu ya shimo.