Saa za Angani, Saa za Chini

Mama Tiketi, karani wa ofisi ya safari, haziamini saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Ukimuuliza safari ni ndefu kiasi gani, anavuta uzi wa cherehani juu ya ramani ya ukutani, kutoka kiwanja hadi kiwanja, kisha anaupima kwa kidole chake kinene. "Angani saa tisa," husema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. "Lakini ndege haishuki mlangoni kwako." Hapo huanza kukunja vidole: foleni ya pasipoti, mizigo, barabara. Siku alipokuja mzee mmoja, mkewe akiwa bado mochari, vidole vilikunjwa vyote. Binti yao, aliyekuwa ng'ambo, angefika kesho magharibi. Mazishi yalikuwa kesho hiyo hiyo, alasiri.

"Basi hatamwona mama yake," mzee alisema.

"Ndege haikimbizwi, baba. Kaburi linaweza kusubiri."

"Kaka yangu keshapanga. Na yeye akisema kasema."

Mama Tiketi akaomba namba ya huyo kaka, akapiga. "Shikamoo mzee. Mazishi ni keshokutwa asubuhi." Akasikiliza, huku anasafisha kucha kwa kifuniko cha kalamu. "Mimi? Mimi ndiye mwenye ndege." Akasikiliza tena. "Haya, asante." Akairudia kompyuta yake kama mtu aliyeulizwa njia akaelekeza.

"Amekubali. Binti akae wapi, dirishani au pembeni mwa njia?"

Mzee alifikiri kidogo. "Dirishani. Yule akilia hapendi kutazamwa."