Jioni Mlima Ulipowaka Chini ya Mnara

Mnara wa taa ulikaa mlimani, juu ya kijiji cha Chiwanda, kando ya ziwa. Wajerumani waliujenga, Waingereza wakaurithi, na baada ya uhuru kazi ya kuutunza akapewa mume wangu. Lakini mume wangu alikuwa mvuvi wa usipa, wale dagaa wa ziwani. Akiwa ziwani, taa ilikuwa juu yangu, na wala sikuipenda kazi ile. Mimi mtu wa Matiri, kule Umatengo milimani, wa kahawa na mahindi. Maji mengi namna ile yalininyima raha. Nilikuwa nikiwasha taa, nakaa, nasimama, nachungulia, nakaa tena.

Kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa, mteremko wote wa mnara ukafanywa shamba la pamoja. Tukafyeka, tukakusanya nyasi marundo marundo. Mwenyekiti akasema zichomwe. Nikasimama mkutanoni.

"Kwetu hatuchomi nyasi. Tunachimba ngolo, vile vishimo vya shambani, na nyasi tunazifukia kwa udongo."

Jamani, walivyonicheka!

"Shemeji," mwenyekiti akasema, "hapa si Umatengo. Huku tunachoma."

Nikakaa, nimenuna.

Wakangoja jioni, upepo utulie. Mimi nilikuwa juu mnarani, nimeshawasha taa. Kuchungulia chini, lahaula! Mlima mzima unawaka, na rundo kubwa kuliko yote liko kwenye gema, juu kabisa ya mawe yanayopasua mitumbwi. Taa yangu ilikuwa kitu gani mbele ya moto ule? Mume wangu yuko ziwani, atajuaje afuate upi?

Nikashuka mbio napiga yowe. Hata shikamoo sikumpa mtu.

"Zimeni! Mtaniulia mume!"

Mwenyekiti alianza kucheka, kisha akatazama ziwa. Mdogo wake alikuwa katika mtumbwi mmoja na mume wangu. Akanyakua jembe, akakimbilia gemani, na sisi nyuma yake. Tulifukia moto kwa udongo, tunakohoa, macho yanatutoka machozi, mpaka ikabaki taa ya mnara peke yake.

Nikaenda ufukweni, mwenyekiti nyuma yangu. Sikuweza kutulia, nilitembea huku na huku mpaka mtumbwi ukagota mchangani. Mume wangu akashuka amefura kwa hasira.

"Wewe mwanamke, una nini leo? Tunaifuata taa vizuri, tunakaribia kabisa, mara unaizima! Tumegeuza mtumbwi, kumbe taa iko kule juu."

Mwenyekiti akaketi chini mchangani. Mimi nikamshika mume wangu shati kwa mikono miwili, nikalia kwa sauti, naye bado ananigombeza.