Waya Nilioukata

Nimetengeneza umeme wa magari katika gereji za Gatsata miaka ishirini, kwa hiyo nyaya za ndege ndogo niliyoiunda nyuma ya nyumba hazikunitisha. Jumapili moja nilikata waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye injini, kwa usalama, kama tufanyavyo kwa gari. Nikawatumia picha wenzangu wa kundi la simu, ambao tunashauriana nao kuhusu kuunda ndege.

Mmoja wao, fundi aliyekulia Tanzania, hakuandika. Alipiga simu.

"Ndugu yangu, injini hiyo inajitengenezea cheche. Ule waya kazi yake ni kuizima! Umeukata, sasa iko macho. Propela ikizungushwa kidogo tu, inawaka. Nani yuko karibu nayo?"

Mke wangu alikuwa ameishika propela kwa mkono mmoja, akiifuta vumbi kwa kitenge.

Ningepiga kelele, angeshtuka akaivuta. Nikamwita polepole, "Mama watoto, njoo unywe chai."

"Ngoja nimalizie upande huu."

"Itapoa."

Akaiachia, akaja, akakuta jiko halijawashwa. Alinigombeza mpaka majirani wakachungulia. Nikakaa chini, nikamwacha agombe.